Meza ya Pasaka: leso za kushonea Arusha napata wapi?

Kutoka: Dada wa Njiro, Arusha

Hamjambo wenzangu,

Nina miezi minne tangu nihamie Arusha kikazi, na hii ndiyo Pasaka yangu ya kwanza nje ya Mombasa. Nimealika majirani wawili na familia zao, na mama anakuja kutoka nyumbani kupitia Taveta. Tutakuwa watu kumi mezani. Cherehani ninayo, ya umeme, na natamani sana mapambo ya meza niyashone mwenyewe. Mtandaoni nimeona sungura wa kitambaa, vifaranga, maua ya majira ya kuchipua. Sijui kama hapa yataeleweka.

Halafu leso jamani, mnanunua wapi? Juzi niliingia duka moja mjini nikaomba leso nzuri ya kupambia meza, muuzaji akaniletea kitambaa kidogo cha mfukoni.

Kutoka: Mama wa Majengo, Moshi

Mdogo wangu, karibu Tanzania, na pole kwa hilo la duka. Lilinikuta na mimi. Hapa sema khanga. Leso kwao ni kile cha kupangusia jasho. Omba "doti ya khanga", utapewa pea nzima, na usikubali kukatiwa kipande kimoja kwa sababu pambo nitakalokueleza linahitaji vyote viwili.

Sungura waache. Hao ni wa Ulaya, ambako Pasaka inaingia wakati baridi inaisha na majani yanachipua. Sisi inatukuta kwenye masika, matope mpaka mlangoni. Na sungura kwa watoto wa huku ni yule wa hadithi, mjanja anayemdanganya fisi. Ukimweka katikati ya meza watakuomba uwasimulie alichofanya. Rangi ndiyo inayoeleweka na kila mtu: Kwaresima ni zambarau, Pasaka ni nyeupe, kwa Wakatoliki na kwa Walutheri pia, na majirani zako wengi watakuwa mojawapo. Kwa hiyo tafuta khanga yenye nyeupe nyingi kwenye mji wake, yaani sehemu ya katikati, na pindo la njano au kijani.

Kabla ya rangi lakini, soma jina, yale maandishi ya khanga. Nakuomba sana. Mwaka wangu wa kwanza kama mke hapa Moshi nilitandika khanga nzuri mno niliyotoka nayo nyumbani, nikaangalia maua yake tu. Wifi yangu alikaa mbele ya maandishi: HASIDI HANA SABABU. Alisoma, akaweka kijiko chini, na hakula tena siku ile. Nilieleza, mume wangu akaeleza, lakini ilichukua zaidi ya mwaka kurudi tulipokuwa. Khanga husema, na mgeni aliyekaa mbele yake anaamini umemchagulia yeye. Chukua yenye shukrani kwa Mungu au ya kukaribisha, na msomee muuzaji kwa sauti kabla hujalipa.

Sasa ushonaji. Loweka doti usiku kucha, suuza mpaka maji yawe meupe, anika, piga pasi. Usikate kabla, maana kitambaa kitarudi, yaani kitapungua, na vipimo vyote vitaharibika. Khanga huwa kama sentimita 150 kwa 110, ila pima ya kwako ikisharudi.

Kwenye kila kipande, kata ukanda wa sentimita 28 kwa urefu wote, upande ule wenye jina, ili ukanda ubebe pindo na jina pamoja. Utakuwa na kanda mbili. Ziunganishe kwa upande wa ndani, ule uliokatwa, mapindo yakae nje. Hapo ndipo uzuri wake: aliyekaa upande huu analisoma jina limesimama sawa, na aliyekaa ng'ambo analisoma sawa vilevile. Hakuna anayesoma kichwa chini. Ukishakunja upindo utapata pambo la katikati lenye upana wa nusu mita hivi. Weka bitana nyeupe chini yake, maana khanga ni nyepesi na inajikunja ikiguswa na sahani.

Kilichobaki usitupe. Kila kipande kinakupa vitambaa sita vya mkono vya sentimita 40 kwa 40, doti nzima kumi na viwili. Kumi ni vya wageni wako, viwili ni akiba ya mtoto atakayemwaga mchuzi. Upindo ukunje mara mbili, kwanza nusu sentimita, kisha moja. Kwenye kona punguza ncha kwa mkasi kabla ya kukunja mara ya pili, la sivyo zinakuwa nene na sindano inaruka.

Chini ya vyote tandika jeupe. Mimi natumia shuka la mitumba kutoka soko la Memorial hapa Moshi, pamba ambayo imeshafuliwa mara nyingi hadi ikalainika. Vuta uzi mmoja pembeni ukauchome: pamba inanuka kama karatasi na majivu yake yanapukutika, nailoni inayeyuka na kuwa kidonge kigumu. Shuka la nailoni liache, pasi ya moto italiharibu.

Kutoka: Kaka wa Sakina, Arusha

Naongezea mambo mawili ya kalenda. Dada, kama kuna chochote utampa fundi, mpe wiki hii. Idi inaangukia karibu na tarehe 20 Machi, na mafundi wa barazani wote wamejaa kanzu na magauni. Zikitoka hizo zinaingia nguo za Pasaka. Mke wangu alipeleka kitambaa cha meza siku kumi kabla, akarudishiwa Jumanne baada ya sikukuu.

La pili: mwaka huu wa 2026 Pasaka ni tarehe 5 Aprili, Jumatatu mapumziko kama kwetu Kenya, lakini Jumanne tarehe 7 ni Karume Day na nayo ni mapumziko. Wageni hawatakuwa na haraka ya kuondoka. Pika ukijua hivyo.

Kutoka: Dada wa Njiro, Arusha

Asanteni mno. Nimepata doti, nyeupe na njano, jina lake ASANTE MUNGU, nimelisoma mara tatu. Swali: vitambaa vya mkono navifunga na nini? Na vimelegea, vinaanguka kwenye sahani.

Kutoka: Mama wa Majengo, Moshi

Vitie kanji. Kijiko kikubwa cha unga wa muhogo, koroga kwenye maji baridi kidogo, mimina kwenye nusu lita inayochemka, koroga mpaka kiwe kama kioo. Kikipoa chovya vitambaa, kamua, na vipige pasi vikiwa na unyevu bado. Usingoje jua, kwa mvua hizi vitanuka uvundo kabla ya kukauka. Mimi naweka pasi ya mkaa tayari, umeme ukikatika kazi haisimami.

Kwa kufungia, nashona jani la sale. Kabla sijaanza nilimuuliza mama mkwe kama ni sawa mimi mgeni kulishona, maana kwa Wachagga sale si ua la kawaida. Ndilo jani mtu anapeleka akienda kuomba msamaha, ndilo linalopandwa mipakani mwa kihamba, shamba la ukoo, na kwenye makaburi. Alifikiri kidogo, akasema kwa Pasaka linafaa, ila nisiliweke sakafuni. Mwaka huo wifi alifungua kitambaa chake, akalishika lile jani, akaliweka kwenye mkoba wake bila kusema neno. Analo mpaka leo.

Kata kitenge cha kijani vipande viwili vya sentimita 5 kwa 32, ncha moja uichonge. Katikati weka kile kitambaa kigumu cha kola za shati. Shona, acha uwazi chini, geuza kwa kijiti cha mshikaki upande usiochoma, ziba kwa mkono.

Ninayo kumi yaliyobaki ya mwaka jana, yamefuliwa. Nitayapeleka stendi Alhamisi tarehe 2, gari la asubuhi. Niandikie faragha, nje ya kundi hili, unitajie utayapokelea wapi.