Naombeni ushauri: nimetakiwa kumzungumzia rafiki yangu aliyepigana Vita vya Kagera

Ndugu zangu, rafiki yangu wa zaidi ya miaka ishirini alifariki dunia mwezi uliopita hapa Morogoro, na wanawe wameniomba nimzungumzie siku ya arobaini. Nishani yake aliivaa mara moja kwa mwaka, tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, akiibana kwa pini kwenye koti la kijivu lililochakaa viwiko. Jioni aliizungushia kitambaa cheupe na kuirudisha ndani ya kopo la majani ya chai.

Nyumbani hakuzungumzia vita kamwe. Mimi aliniambia mara moja tu, tukicheza bao, huku kete zimemjaa mkononi na hazipandi. Machi 1979 huko Lukaya, kwenye barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala, ambako majeshi ya Amin yalisaidiwa na Walibya, kijana wa kijijini kwao alijeruhiwa tumboni wakati wa magharibi, na akafariki karibu na alfajiri akimwita mama yake. Vita vilipokwisha, rafiki yangu alimweleza mama huyo kwamba mwanawe alikufa papo hapo, bila maumivu. Mama akamshukuru, akampikia, naye tangu siku hiyo hakuweza tena kula katika nyumba ile.

Mama ameshatangulia mbele ya haki, lakini mdogo wa kijana yule yu hai na atakuwepo kwenye arobaini. Je, niseme au ninyamaze?

Mwana wa Mgambo: Pole sana, mzee wangu. Marehemu baba yangu alikuwa mgambo aliyechukuliwa mwaka 1978, baada ya Mwalimu kutangaza kwamba sababu, uwezo na nia ya kumpiga Amin tunavyo. Kama angekuwa na siri ya namna hii, nisingependa kuisikia mbele ya watu wanaosubiri pilau. Usiseme arobainini.

Bibi Titi wa Kilosa: Mimi naona tofauti kidogo. Ndugu wa damu ana haki ya kujua, ila aulizwe kwanza kama anataka. Na marehemu wako asihukumiwe kwa uongo ule, kwani alimwonea huruma mama aliyefiwa na mzigo akaubeba mwenyewe.

Mhaya wa Muleba: Shikamoo, mzee. Mashujaa wengi wa vita hivyo wamezikwa Kaboya, huku kwetu Muleba. Ikithibitika kwamba kijana yule yumo miongoni mwao, mpeleke mdogo wake pale, mkae kaburini, mzungumze wawili. Arobainini zungumzia koti na kopo la chai. Wanawe watamtambua baba yao humo kuliko katika habari za mizinga.

Mwanzisha uzi: Nawashukuru nyote kwa dhati. Leo asubuhi nilimpigia simu yule mdogo wake, nikamwambia kuwa marehemu aliniachia habari za kaka yake, nzito kiasi, na kwamba hiari ya kuzisikia ni yake. Alinyamaza kwa muda mrefu hata nikadhani laini imekatika. Kisha akasema kwamba mama yao alijua, kwa kuwa askari mwingine aliyekuwepo Lukaya alikwisha kumweleza kabla, na kwamba alimpikia rafiki yangu siku ile kwa sababu aliona jinsi alivyokuwa akitetemeka. Tutakwenda Kaboya pamoja Julai, na koti nitaliomba kwa wanawe.