Neno "uasi": wewe ulikutana nalo wapi? Tupeane uzoefu

Wadau, habari zenu. Mimi nilikutana nalo kwenye barua. Nikiwa kidato cha tatu, bweni zima tuligoma kula maharage yaliyojaa wadudu. Tukarudishwa nyumbani wiki mbili, kila mmoja na barua yake yenye muhuri: "Kosa: uasi."

Babu yangu ni Mmatumbi. Aliisoma polepole, akavua miwani, akaikunja barua ikawa ndogo kama tiketi ya daladala. "Mjukuu wangu, neno hili tulishaandikiwa zamani." Akaanza kunisimulia ya kijiji cha Nandete, kule Umatumbi, Julai 1905, wazee walivyong'oa miche ya pamba waliyolimishwa kwa nguvu. Wajerumani waliita uasi. Kwa babu sijawahi kusikia mtu akisema hivyo hata siku moja. Ni Vita vya Maji Maji, basi. Hata utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini tunaujua kama Utenzi wa Vita vya Maji-Maji. Tangu hapo nikilikuta neno hilo naangalia kwanza aliyeliandika ni nani.

Nyie je?

Mdau wa Tanga: Mimi nililijua chuoni kabla sijaanza shule. Maalimu alitufundisha kwamba maasi ni madhambi: kumuasi Mungu, kumuasi mama yako. Ni neno la Kiarabu, mzizi wake ni kukaidi amri. Ndiyo maana ukiwaita watu waasi unakuwa umeshawatia dhambini kabla hawajasikilizwa. Hiyo barua yako imeniuma kweli.

Mdau wa Morogoro: Kwetu lililetwa na harusi! Kadi ya kaka iliandikwa "anauasi ukapera", bibi akauliza kijana kafanya kosa gani.

Mdau wa Dar: Mama alikuwa binti mdogo hapa mjini tarehe 20 Januari 1964, askari wa kambi ya Colito walipowakamata maofisa wao Waingereza wakidai mishahara na vyeo. Anakumbuka mlango ulivyowekewa kabati kwa ndani. Yale anayaita maasi ya jeshi. Siku nane nyuma yake, kwa shangazi yake Unguja, serikali ya Sultani ilikuwa imepinduliwa kwa silaha, na hayo ni Mapinduzi, tena yana sikukuu. Wale wa Colito walizimwa na makomando wa Kiingereza tarehe 25. Nilimuuliza mama, wangeshinda je? Akanyamaza, kisha akasema, "Labda leo tungekuwa na sikukuu mbili."