Kikundi cha watu 8, wanaoongea ni wale wale 2: tufanyeje?

Nahodha: Wadau, naomba ushauri. Wawili wanashika kikao mwanzo hadi mwisho. Watatu hawafungui mdomo mpaka waitwe majina, na wakiitwa jibu ni "sawa tu". Kikao kikiisha ndipo wanatuma ujumbe wenye hoja nzito kuliko zote. Nizipateje kikaoni?

Tausi: Mkuu, kumwita mtu ghafla ndiko kunakozaa hiyo "sawa tu". Mkimya huipika hoja kichwani kwanza. Ukimshtukiza unaipakua mbichi. Tuma swali lenyewe siku moja kabla. Usiandike "Usafiri", andika "Tupunguze safari au tusogeze tarehe?" Mkikutana, toeni dakika 5 za kuandika kimya, wote, wachangamfu pia. Kisha mzunguke: kila mtu asome hoja moja, mjadala usubiri mzunguko uishe. Wanasaikolojia Diehl na Stroebe walionyesha mwaka 1987 kwamba kungoja zamu ya kusema ndiko hasa kunakopunguza mawazo ya kikundi. Hoja iliyoandikwa haipotei mwenzako akiwa anaongea.

Na ukiuliza, nyamaza. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alipochunguza madarasa ya Marekani alikuta walimu wengi hungoja kama sekunde 1 tu. Waliposubiri 3 au zaidi, majibu yalirefuka na wasiojibu wakapungua. Hesabu kimoyomoyo hadi tano.

Mzee_wa_Baraza: Msichanganye ukimya na aibu. Mwenye aibu anatamani kusema ila anaogopa kuhukumiwa. Introvati, yaani mkimya kwa asili, anaweza kuhutubia ukumbi mzima bila kutetemeka, kisha akahitaji kukaa peke yake. Mwanasaikolojia Hans Eysenck aliona kwamba ubongo wa introvati uko macho zaidi tangu mwanzo, hivyo kelele humjaa upesi, ilhali ekstrovati, yaani mchangamfu, huzitafuta ili achangamke. Walipodondoshewa maji ya limau ulimini, introvati ndio waliotoa mate mengi zaidi! Tena hii ni mizani, wengi wako katikati. Usiwagawe watu 8 makundi mawili.

Nahodha: Asanteni sana. Ila wale wawili nawaogopa, dakika 5 za kimya si watazivunja?

Nuru: Watazivunja ukiwanyima pa kusemea. Mchangamfu hufikiri kwa mdomo: sentensi yake ya kwanza ni rasimu, ya nne ndiyo uamuzi. Kosa ninaloliona sana ni mwenyekiti kuiandika ile ya kwanza kama msimamo wake. Muulize, "Umeshaamua au bado unawaza?" Mpe dakika 10 kabla ya kikao aongee na mtu mmoja anayependa kusikiliza, atakuja amepoa. Na usimpe kazi ya kuandika kumbukumbu ili tu anyamaze. Ataitambua kuwa adhabu, na uchangamfu wake ndio unaoamsha kikao kinapolala.

Tausi: Nuru kasema kweli. Nahodha, jambo moja tu: ule ujumbe unaokuja baada ya kikao usiukatae. Acha mlango wazi hadi kesho yake saa 6 mchana, ndipo uamuzi ufungwe.