Tupeane uzoefu: kuteleza kwa skimbodi ufukweni, na kuutunza ubao udumu

Mwana wa Coco (Dar es Salaam)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaoteleza kwa skimbodi, ule ubao mfupi mwembamba usio na mapezi, unaolazwa juu ya maji haba ya ufukweni kisha unaupanda ukiwa mbioni. Wenye ubao tupo wachache, na ukivunjika huku kwetu hakuna duka la kukimbilia. Ndiyo maana naomba tuyaweke hapa yale tunayoyajua kwa vitendo. Aliye Pwani, aliye Uarabuni, aliye Marekani, kila mtu alete la kwake.

Naanza na langu. Hapa Coco Beach nimewafundisha wadogo zangu na watoto wa majirani, na kikwazo cha kwanza huwa kilekile kwa wote. Anarusha ubao mbele, halafu anaruka juu kama anayevuka mtaro. Ubao unachomoka, yeye anaangukia mgongo. Wakuu, hairukwi! Ubao ukiulaza vizuri unakwenda kwa kasi ileile uliyokuwa nayo wewe, kwa hiyo endelea kukimbia tu, hatua mbili zinazofuata zitue juu ya ubao badala ya mchanga. Mkono mmoja ushike mkia, mwingine ushike ubavu, uiname ukiwa bado mbioni, uuache ubao utue bapa. Pua ikitangulia kugusa, inachimba mchanga na safari inaishia hapo. Ukishapanda, kunja magoti, uzito uuweke katikati ukiegemea mbele kidogo, na macho yaangalie unakokwenda.

Maji nayo yana kipimo chake. Unene wa kidole unatosha. Yakifika kwenye kifundo cha mguu ubao unakwama kwa uzito, na ukigonga mchanga mkavu ubao unasimama papo hapo lakini mwili wako unaendelea. Anayeanza namwambia akae kwanza aangalie wimbi linavyopanda na kurudi, akimbie lile linaporudi na kuacha utando unaong'aa. Utando huo haukai, ukisitasita umeukosa.

Binti Diani (Kwale)

Asante kwa uzi, kaka. Sisi huku Diani raha yetu ni maji yakipwa. Bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hujitenga mbali sana na kuacha vidimbwi vipana vyenye maji haba, na hapo unateleza bila kusubiri wimbi. Siku za maji mafu uwanja unakuwa mwembamba, mimi hukaa nyumbani nikapiga ubao msasa. Jueni pia saa za kupwa husogea mbele karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa ya leo si ya wiki ijayo. Ukitaka uhakika muulize mvuvi, atakujibu bila kutazama simu.

Wakati wa kusi majani ya bahari hutupwa ufukweni kwa wingi. Ubao ukiyapanda unashika ghafla kama umefungwa breki. Kwa hiyo kabla sijaanza huitembea njia yangu yote kwa miguu, kutoka nitakapoanzia mbio hadi nitakaposimama. Natoa vipande vya matumbawe, makombe, vijiti. Pakiwa na mawe yenye shokomoo, wale viumbe wa miiba, nahama kabisa. Nikiingia penye maji yaliyotuama naburuta nyayo badala ya kunyanyua miguu, maana samaki taa hujifukia kwenye mchanga, na ukimsukuma kwa wayo ataondoka, lakini ukimkanyaga atakuchoma.

Na jambo ambalo nalishikilia sana: watoto wanaocheza kwenye maji haba hawauoni ubao unapokuja. Ubao uliopoteza mwenyewe unaweza kumvunja mtoto mguu. Pakijaa watu siku ya sikukuu, wekeni ubao chini, tafuteni pengine.

Seremala Jambiani (Unguja)

Assalaam alaikum. Mimi nawatengenezea vijana ubao wa mbao, nami nateleza nao, kwa hiyo nitasema ya karakana.

Tumieni plaiwudi ya marini, ile ambayo gundi yake haifumuki kwa maji. Plaiwudi ya dari ni hasara, ikilowa siku mbili tatu tabaka zinaachana. Unene wa milimita 9 mpaka 12 unafaa, mwembamba zaidi unayumba chini ya mtu mzima. Pua lazima inyanyuke, la sivyo kila kijiwimbi kitakuzamisha. Mimi sikunji ubao mzima. Nachukua plaiwudi mbili nyembamba, napaka gundi isiyofumuka kwa maji katikati, nazilaza juu ya kalibu yenye mkunjo, nabana kwa jiriwa na kuweka mawe mpaka kesho yake. Ikikauka, mkunjo umekaa wenyewe. Kisha nakata umbo na kuviringisha kingo kwa msasa zisikate mguu wa mtu.

Sasa kingo ndugu zangu, kingo! Huko ndiko ubao unakofia. Uso wa plaiwudi unavumilia, lakini ubavuni nyuzi za mbao zimekaa wazi, zinafyonza maji kama utambi. Mimi huzipa vanishi ya boti mara tatu uso na chini, lakini kingo nazirudia mpaka ziache kunywa. Kati ya mpako na mpako nasugua kwa msasa laini. Kila ukiona vanishi imechubuka ubavuni, usiteleze tena kabla hujaiziba. Sisemi kwa kukisia, nililetewa ubao uliovimba pua ukawa mnene kama kitabu kilicholowa, haukuwa na dawa isipokuwa kukatwa upya.

Kijana akimaliza kucheza namwambia ausuuze kwa maji baridi ya kisima, aufute, aulaze kivulini ukiwa bapa. Ukiusimamisha ukutani miezi mingi huku umeegemea, unapinda.

Mpwani wa Orange County (Marekani)

Nimefurahi kuona mada hii. Mimi ninaishi karibu na Laguna Beach, California, mahali mchezo huu unapohesabiwa kuanzia. Miaka ya 1920 waokoaji wa ufukweni hapa walikuwa wakiteleza kwa mbao za kawaida. Fukwe za huku, Victoria na Aliso, zina mwinamo mkali na wimbi linavunjika palepale mchangani, kwa hiyo mtindo ni mwingine: unakimbia kuelekea baharini, unateleza juu ya maji yanayorudi, unakutana na wimbi, unageuka na kurudi nalo. Mbrazili Lucas Fink ameshapanda hata yale mawimbi makubwa ya Nazaré, Ureno, kwa skimbodi.

Kwa wimbi ubao wa mbao ni mzito, tunatumia wa povu gumu lililovikwa faiba au kaboni. Huu unaelea na unageuka upesi, lakini ni dhaifu. Ukiupiga kwenye mchanga mkavu kila siku, chini panachubuka na mkia unapasuka. Huku mwenye ubao wa povu huonekana kwa jinsi anavyoshuka: anatoka kwenye ubao kabla haujafika pakavu, haungoji ukwame.

Juu ya ubao pakae nta au mpira wa kushika mguu, chini pasiguswe na nta kabisa. Nyumbani Mombasa nikija likizo, nta ya nchi za baridi inayeyuka yote, inabidi ile ngumu ya maji ya joto. Mdogo wangu huyeyusha nta ya nyuki pamoja na mshumaa, nta ya nyuki ndiyo inayonata, mshumaa unaipa ugumu. Inashika vizuri.

Fundi Faiba (Tanga)

Mimi ni fundi wa boti za faiba, na vijana huniletea ubao wa povu uliotoboka. Naomba nisikilizwe vizuri hapa.

Kwanza ukiona ufa, acha kuteleza siku hiyohiyo. Maji yakiingia ndani yanakaa, ubao unakuwa mzito na ngozi inaanza kuachana na povu. Usuuze chumvi, uuache siku kadhaa kivulini, tundu likitazama chini maji yatoke. Ukiziba unyevu ndani umejenga ugonjwa.

Pili, ulizeni povu ni la aina gani kabla ya kumpa fundi yeyote. Resini, yaani ile gundi nzito inayoganda ikawa ngumu, tunayotumia kwenye boti nyingi ni ya poliesta. Ikigusa povu jeupe la punje, lile linalofungiwa televisheni mpya, inalila mpaka panabaki shimo. Hapo ni resini ya epoksi tu. Na kama hujui ubao wako ni wa nini, chagua epoksi, kwa kuwa inakamata juu ya povu la punje na hata lisilo la punje, wakati poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi ya zamani.

Kazi yenyewe si ndefu. Kata nyuzi zilizolegea, sugua kuzunguka tundu ili pawe na makwaruzo, kata kipande cha kitambaa cha faiba kikubwa kuliko tundu, loweka kwa resini iliyopimwa na kigumisha chake sawasawa, toa mapovu ya hewa, subiri. Ikikauka kabisa, msasa mzito kisha laini, malizia na namba 400 kwa maji. Vaeni barakoa, vumbi la faiba ni baya kwa mapafu.

Msafiri wa Maskati (Oman)

Mimi nina moja tu kutoka ufukwe wa Qurum. Gari lililofungwa vioo juani huku ni tanuri. Ubao wa povu wa binamu yangu ulivimba malengelenge ngozi ikaachana na povu, kwa kuwa uliachwa garini mchana ule. Ufungeni kwenye shuka jeupe au taulo, na uingie ndani ya nyumba pamoja nanyi.

Mama Kunduchi (Dar es Salaam)

Wanangu, nimesoma yote. Kijana wangu ana miaka tisa na anautaka mchezo huu. Nimchukulie ubao wa namna gani, na aangukeje asiumie?

Mwana wa Coco (Dar es Salaam)

Shikamoo mama. Mchukulie wa mbao, unavumilia mchanga kuliko wa povu. Ukiusimamisha mbele yake ufike kati ya kitovu na kifua, na asipewe wa mtu mzima eti atakua nao, utamshinda kuubeba akiwa mbioni. Kuhusu kuanguka, mfundishe asitangulize viganja, vifundo vya mikono ndivyo vinavyoumia zaidi. Akunje mikono kifuani, abingirike kwa bega. Kichwa kisitangulie hata kidogo, maji haya ni haba. Jumamosi maji yakipwa huwa nipo Coco na wadogo zangu, mlete ajaribu wa kwetu kabla hujanunua.