Homa ya Bonde la Ufa inajificha wapi miaka yote hiyo?

Mgogo_wa_Mvumi:
Wakuu habari za jioni, kuna kitu kinanisumbua naombeni mnisaidie. 2007 nikiwa darasa la sita huku kwetu Dodoma mvua ilinyesha mpaka mbuga zikawa kama ziwa, haikupita muda kondoo wa mzee wakaanza kutupa mimba, yaani unaamka asubuhi unakuta vitoto vimelala zizini havijaota hata manyoya, na wale waliozaliwa wazima siku ya pili ya tatu wanakufa. Baadae ndo tukaambiwa ni homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu na unaoshika mifugo na watu, watu wakaogopa nyama kabisa, ni mlenda na dagaa asubuhi mpaka usiku. Alafu ugonjwa ukapotea hivihivi. Sasa najiuliza, mbu anaishi wiki chache tu, mnyama akipona virusi vinamtoka na anabaki na kinga, kwaiyo kati ya ile Elinino ya 97/98 na 2007 vilikuwa wapi?? Kuna jamaa kijiweni anasema vinaletwa na upepo, sijamwelewa.

KwatoNaPembe:
Mkuu mwambie huyo jamaa aache kuangalia juu, aangalie chini ya kwato za ng'ombe wake. Kuna mbu jamii ya Aedes ambao hawatagi juu ya maji kama hawa wanaotupigia kelele ndani, wao wanataga kwenye tope lenye unyevunyevu pembeni ya mbuga. Tope likikauka na yai linakauka nalo, jua linapiga, mifugo inakanyaga, miaka inapita na yai bado zima. Siku mbuga ikijaa wanaanguliwa kwa mkupuo. Na utamu wenyewe uko hapa: mama akiwa na virusi anaweza kuvipitisha kwenye yai, mtoto anatoka navyo tayari kabla hajang'ata mnyama yeyote.

Najua mtaniuliza imejulikanaje. Miaka ya 80 watafiti kule Kenya walichota viluwiluwi kwenye mbuga iliyofurika, wakavikuza mpaka vikawa mbu, walivyopima wakakuta virusi hadi kwenye madume. Na dume la mbu halinyonyi damu maisha yake yote, linaishi kwa maji matamu ya maua. Sasa limevitoa wapi kama sio kwa mama yake?

Beseni_la_Bluu:
Hii ya mayai sio hadithi, nimeiona kwa macho. Nikiwa chuo tulichimba udongo wa mbuga mwezi wa tisa, mkavu mpaka unapasuka, mwenzangu akaniambia tunabeba vumbi tu. Tukauweka kwenye beseni la kufulia tukamwagia maji tukaenda kulala. Kesho yake jioni ukisogeza uso unaona vitu vidogo kama nyuzi vinacheza cheza majini, vingi! Hapo mvua haijanyesha miezi minne mitano. Hatukupima virusi lakini siku hiyo niliacha kudharau vumbi.

Ijara_Boy:
Sawa daktari lakini hiyo ya mayai haimalizi story yote, sisi wa Garissa tumeyaona haya, 97 ilitupiga na 2006 Disemba ikarudi, watu zaidi ya 100 wakafa Kenya. Alafu angalia Wajir 2018, hiyo haikuwa Elinino, ni mvua tu ya masika iliyozidi. Na kuna mbuzi waliozaliwa baada ya mlipuko wakapimwa damu wakapatikana na kingamwili, mnyama hajawahi kuona mlipuko lakini ashapatana na virusi, hata nyati wa porini wamepatikana nazo. Maana yake vinazunguka polepole kila mwaka, mmoja hapa mmoja pale. Mbuzi mmoja akitupa mimba huku kwetu nani anapigia daktari simu? Unasema ni jua, ama alipigwa pembe, unasonga. Na usisahau soko: 2000 ugonjwa ulitokea Saudia na Yemen, virusi vyenyewe vilifanana na vya huku kwetu vya 97/98. Huo sio upepo, ni mifugo inayopandishwa meli.

KwatoNaPembe:
Ijara uko sahihi, sibishani na wewe, mimi naona vyote vinafanya kazi pamoja. Mayai ni akiba, na huo mzunguko wa kimyakimya unaiongezea akiba. Ila ili mlipuko utokee maji lazima yakae wiki kadhaa, wale Aedes wanawasha moto alafu Culex, mbu wa jamii nyingine, wanazaliana kwenye maji yaliyotuama yenye majani, hao ndo wanausambaza. Na lazima zizi liwe limejaa wanyama wasio na kinga, ndo maana inachukua miaka, wale walioponea 2007 wameshauzwa na kuliwa zamani.

Mgogo_wa_Mvumi:
Duh nimewaelewa sana. Kwaiyo nikichoma majani ya mbuga kiangazi, au nikailima, si mayai yanaisha?

KwatoNaPembe:
Mbuga yenyewe ina ekari ngapi mkuu, utachoma mpaka lini, na mengine yako ndani ya udongo. Pesa ya trekta weka kwenye chanjo, tena kabla ya mvua. Ugonjwa ukishaingia usikubali mtu apite zizini na sindano moja kwa kondoo wote, hapo anakusambazia mwenyewe. Na ile chanjo ya zamani yenye virusi hai usiwape wenye mimba, inaweza kuzitoa.

Mgogo_wa_Mvumi:
Majike kumi na moja hapa yana mimba 😅

KwatoNaPembe:
Basi muulize afisa mifugo wako ana chanjo gani kabla hujagusa hayo majike. Mbuga ikijaa mwambie mzee apeleke kondoo mlimani, na kitoto kikitupwa kisishikwe mikono mitupu, watu wengi wanaupatia hapo wala sio kwa mbu.

Mgogo_wa_Mvumi:
2007 mimi ndo nilikuwa navibeba kwenda kuvifukia. Kwa mikono.