Maumivu ya ghafla ya chuchu ninapomnyonyesha mtoto wa miezi 19

Mama Kifungua Mimba anauliza:

Salaam, mama wenzangu na wote mnaoyafahamu masuala haya. Mwanangu ana miezi 19, na hadi wiki mbili zilizopita sikuwa na usumbufu wowote katika kumnyonyesha. Taabu ya siku za mwanzo, ile ya chuchu kuchubuka na mimi kukaza meno kila alipofungua kinywa, nilikuwa nimeisahau tangu hajatimiza miezi 2. Sasa, bila ya kuumwa na bila ya kubadili jambo lolote ninalolikumbuka, chuchu zote mbili zinauma mara tu anapoanza kunyonya. Huwa kama nimebanwa kwa kibanio cha nguo, maumivu hukaa kwa nusu dakika hivi, halafu hupungua bila ya kwisha kabisa. Upande wa kushoto umezidi, hasa usiku.

Kwa kawaida hunyonya mara 4 au 5 kwa siku, pamoja na mara 1 au 2 za usiku. Sina homa, sijaona uvimbe, na ngozi ya titi haijabadilika rangi. Hedhi yangu haijarudi tangu nilipojifungua.

Kinachonisumbua kuliko maumivu yenyewe ni kwamba jana usiku nilimsukuma. Sikukusudia, mkono ulitangulia akili. Alinitazama kwa mshangao, kisha akaangua kilio, nami nikalia pamoja naye. Sitaki kumwachisha ziwa kwa namna hiyo. Kila ninayemweleza hunijibu kwamba mtoto aliyefikia umri huo hana haja tena ya kunyonya, jibu ambalo halimponyi mtu chuchu. Naomba mnisaidie kwa mambo mawili: maumivu haya yanaweza kuwa yanatoka wapi, na nifanye nini katika ile nusu dakika ya kwanza ili nisimsukume tena?

Mama wa Watatu anajibu:

Pole sana, dada. Kuhusu wanaokwambia amepitiliza umri, Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto anyonye hadi miaka 2 au zaidi, huku akila vyakula vingine baada ya miezi 6 ya kwanza, kwa hiyo mwanao bado yumo ndani ya muda wake. Tuliache hilo.

Kwangu mimi sababu ilikuwa meno. Umri alio nao mwanao ndio umri wa magego ya mwanzo na meno ya chonge, na mtoto ambaye fizi zinamwasha hubadilisha namna anavyokamata titi bila ya mama kutambua. Mtoto anayenyonya sawasawa ulimi wake hutokeza mbele na kuyafunika meno ya chini, kwa hiyo hawezi kung'ata na kunyonya kwa wakati mmoja. Meno hugusa chuchu pale anapoanza kabla ya kufungua kinywa vya kutosha, pale anapokuwa ameshiba na anacheza tu, au pale usingizi unapomchukua na taya zikajifunga. Itazame chuchu mara tu anapoiachia. Ikiwa imebonyea upande mmoja au ina mstari wa alama za meno, jibu lako umelipata.

Tazama pia mkao wake. Mtoto wa umri huu ananyonya huku amesimama, amegeuka kutazama mlango, mguu mmoja uko begani kwako. Mwanangu wa pili aliwahi kujaribu kunyonya huku kichwa kiko chini. Chuchu hufuata kila anakogeukia. Siku hizi nina sharti moja tu, kwamba tumbo lake lielekee tumbo langu, na asipotaka basi tunasubiri mpaka atakapotulia.

Akikung'ata, usilivute titi, kwa sababu ukivuta hali ya meno kujifunga ndiyo kwanza unaizidisha. Ingiza kidole kidogo pembeni mwa mdomo wake, kati ya fizi, mpaka ashindwe kubana. Kama huwezi kufika kwa kidole, msogeze karibu zaidi na titi, naye atafungua mdomo mwenyewe ili apate kuvuta pumzi. Jambo jingine ni kwamba mtoto wa miezi 19 anaelewa maneno. Kabla ya kumpa titi mwambie, "Fungua mdomo kama kiboko," na usimpe mpaka aufungue. Wangu alilielewa siku ya pili, ingawa alilipenda mno hata akawa anacheka chuchu ikiwa mdomoni, na hilo nalo likawa tatizo.

Mkunga Mshauri anajibu:

Dada, mimi ni mkunga na kazi yangu ya kila siku ni kuwasaidia mama wanaonyonyesha. Siwezi kukupima kwa maandishi, lakini naweza kukuonyesha namna ninavyofikiri ninapoletewa swali kama lako. Aliyotangulia kuyasema mwenzangu kuhusu meno ni sahihi, ila meno mara nyingi huacha alama na huuma zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Maumivu yanayoanza ghafla katika chuchu zote mbili, baada ya miezi mingi ya raha, na yanayokuwa makali mwanzoni mwa kunyonya, hunifanya kwanza niulize habari za homoni.

Homoni zinaweza kubadilika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwamba mzunguko wako wa hedhi unarudi, na baadhi ya wanawake huhisi chuchu zao zimekuwa nyepesi kuumia wakati yai linapopevuka au siku chache kabla ya damu kuonekana. Ya pili ni ujauzito. Usijitulize kwa kuwa hujaona hedhi, kwani yai linaweza kupevuka kabla ya hedhi ya kwanza, na kinga ya kunyonyesha dhidi ya mimba hutegemewa tu katika miezi 6 ya mwanzo, tena kwa mama ambaye hajaona hedhi na ambaye mtoto wake anategemea maziwa yake peke yake, mchana na usiku. Kwa sababu hiyo, hatua yako ya kwanza iwe kipimo cha mkojo. Ukikuta una mimba, hulazimiki kumwachisha mtoto siku hiyo hiyo: katika mimba isiyo na matatizo, kunyonyesha huendelea bila ya madhara, ingawa maziwa kwa kawaida hupungua kadiri mimba inavyokua na baadaye hugeuka kuwa dang'a. Aliyewahi kujifungua kabla ya wakati, au anayetokwa na damu, azungumze kwanza na anayemhudumia.

Mengine nitakueleza ili uweze kuyaondoa katika hesabu. Chuchu inayochoma na kuwasha hata mtoto akishaondoka, ikawa inang'aa au inabanduka ngozi, pengine baada ya mama au mtoto kutumia antibayotiki, inaweza kuwa na fangasi. Hapo tutazame pia kinywa cha mtoto kama kina utando mweupe usiofutika, na tukithibitisha tunawatibu wote wawili pamoja. Naongeza kwamba si kila muwasho ni fangasi. Mama wengi hupaka dawa ya fangasi kwa wiki kadhaa kumbe ngozi imekataa sabuni mpya, au imechubuliwa na mabaki ya chakula kichachu mdomoni mwa mtoto, na mtoto huyo kunyweshwa maji kidogo kabla ya kunyonya kungetosha. Chuchu inayogeuka nyeupe mara tu mtoto anapoachia, kisha ikawa ya buluu au nyekundu huku ikipwita kwa maumivu, mishipa yake ya damu inajibana. Ifunike na kuipasha joto mara moja, wala usiiache ikauke kwa baridi. Kidoa cheupe kwenye ncha ya chuchu ni mrija ulioziba, nakusihi usikitoboe kwa sindano.

Ukiona sehemu ya titi imekuwa ngumu na nyekundu, na homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, huo ni uvimbe wa titi. Endelea kunyonyesha kama kawaida, tumia kitambaa cha baridi, usilikande titi kwa nguvu kama tulivyokuwa tukifundisha zamani, na usipopata nafuu ndani ya saa 24 nenda ukaonwe na daktari. Vipele vya majimaji vilivyokusanyika pamoja karibu na chuchu navyo vionwe haraka, na mtoto asinyonye upande huo mpaka vipone. Kidonda au ukurutu wa chuchu moja usiopona kwa wiki kadhaa usiuzoee hata kama hauumi, maana mara chache huwa ni dalili ya saratani. Na mama anayeishi na virusi vya UKIMWI, akipata mipasuko inayotoa damu au uvimbe wa titi, asisubiri hata siku moja kuomba ushauri, kwa kuwa hali hizo huongeza uwezekano wa maambukizi kumfikia mtoto.

Sasa nusu dakika yako. Huuma kwa sababu mvuto wa kwanza, kabla maziwa hayajaachia, ndio wenye nguvu kuliko yote. Kamua kidogo kwa mkono mpaka uone matone, kisha umkaribishe mtoto. Akikuta maziwa yanatiririka havuti kwa nguvu ile. Anza na upande wa kulia ambao una nafuu. Kitambaa kilichofunga barafu, kikiwekwa juu ya chuchu kwa dakika moja au mbili kabla ya kunyonyesha, hupunguza makali, na ukihitaji dawa, parasetamoli haimdhuru mtoto anayenyonya. Ibuprofeni pia inafaa kwa mama anayenyonyesha, lakini iache mpaka kipimo kikuhakikishie kwamba huna mimba.

Mama Mchovu anajibu:

Nazungumzia ule msukumo, kwa sababu naona wenzangu wameupita. Nami niliwahi kumsukuma wangu, na kwa muda mrefu niliamini kwamba mimi ni mama mbaya. Baadaye nilitambua kwamba palikuwa na vitu viwili tofauti. Kimoja ni mwili kukwepa maumivu, jambo ambalo hata ukishikwa na moto ungelifanya. Kingine ni ile hasira inayopanda anapoanza tu kunyonya, hata kama hakuna kinachouma, na inayotoweka papo hapo anapoachia. Mimi ilinijia zaidi katika siku za kabla ya hedhi na nilipokuwa na mimba ya pili. Ukikuta ni hii ya pili, ujue haina uhusiano wowote na kiasi unachompenda.

Kilichonisaidia ni kuweka mwisho unaojulikana. Nilimwambia mchana, akiwa ameshiba na ana furaha, kwamba tutanyonya mpaka mama ahesabu 10. Nikahesabu polepole, na kila nilipofika 10 nikatimiza ahadi. Maumivu yenye mwisho huvumilika kuliko yasiyojulikana yatakwisha lini. Akilia, nilimpakata bila ya kumpa titi, na kilio hicho si kile cha mtoto aliyesukumwa.

Napenda pia kuonya juu ya kupiga ukelele. Baadhi ya watu hushauri kwamba ukiumwa, lia kwa sauti ili mtoto ajifunze. Wangu alijifunza kupita kiasi, akaogopa titi kwa siku 3, matiti yakanijaa mpaka nikatamani anirudie hata kwa kuning'ata.

Baba Mmoja anajibu:

Samahani kwa kuingilia. Mke wangu alipopatwa na hali kama hiyo, mimi ndiye niliyekuwa naamka mtoto alipolia mara ya kwanza usiku, nikampa maji na kutembea naye. Siku mbili za mwanzo alinikataa kabisa, ya tatu alilala begani. Mama alibaki na zamu ya alfajiri tu, na chuchu zilipata saa kadhaa za kupumzika. Ikiwa yupo mtu wa kushika zamu hiyo hapo nyumbani, usione haya kumwomba.

Mama Kifungua Mimba anarudi:

Nawashukuru nyote, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na jibu. Kipimo kilionyesha sina mimba. Siku ya 4 baada ya hapo niliona hedhi, ya kwanza tangu nijifungue, na kufikia siku yake ya pili chuchu ya kulia ilikuwa imetulia kana kwamba hakuna lililotokea. Ya kushoto iliendelea kuuma, jambo lililonitatiza mpaka nilipokumbuka kutazama usiku kwa tochi ya simu. Kumbe analala chuchu ikiwa kati ya meno, na alipoachia niliona mistari miwili ya meno ya chini. Kwa hiyo nilikuwa natafuta sababu moja, na zilikuwa mbili.

Sasa nasikiliza anavyomeza, na kumeza kukikoma naingiza kidole na kumtoa kabla taya hazijafunga. Kukamua kwanza kumenisaidia kuliko barafu. Kiboko naye amepokelewa vizuri. Tangu wakati ule sijamsukuma, ila mara moja nilimaliza kuhesabu 10 kwa kasi isiyo ya haki.

Swali langu la mwisho: je, nitarajie maumivu haya kila mwezi?

Mkunga Mshauri anajibu:

Inawezekana yakarudi katika siku zile zile za mzunguko, na wakati huo huo mtoto anaweza kulalamika kwamba maziwa yamepungua kwa siku chache. Hurejea kama kawaida. Andika tarehe za mizunguko michache ijayo, ili maumivu yakija uweze kuyatambua, na yakija nje ya tarehe hizo utafute sababu nyingine. Mistari ya meno upande wa kushoto ipake matone ya maziwa yako au lanolini safi (mafuta ya sufu ya kondoo) baada ya kila kunyonyesha, na ikiwa haijafunga ndani ya wiki 1 hadi 2, au ikianza kutoa usaha, nenda ikaangaliwe.