Fundi wa matangi ya samaki, umeme ukikatika maji yanakwenda wapi?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Niko Kibuli, Kampala, na sebule yangu bado inanuka zulia lililolowa.

Usiku wa kuamkia Jumapili, saa nane hivi, umeme ulikatika. Mama mkwe wangu amekuja kutoka Arua kwa matibabu, analala sebuleni, godoro chini, maana kitanda kirefu hakiwezi. Yeye ndiye aliyeniamsha. "Mwanangu, mgongo wangu umelowa." Nikawasha tochi ya simu. Maji yalikuwa yanatoka chini ya kabati la tangi, yamepita zulia, yameingia godoroni, na yamebakiza kama kiganja kimoja kuifikia ekstensheni iliyolazwa sakafuni. Nilichomoa plagi kwanza, ndipo nikamwinua mama.

Asubuhi nikampigia fundi aliyenifungia mfumo huu wiki tano zilizopita. Jibu lake: "Nyabo, hilo ni tatizo la umeme, si la bomba."

Hapo ndipo damu ilipochemka. Umeme kukatika Kampala si ajali. Ni jambo unalolijua kabla hujakata bomba la kwanza. Mfumo unaofanya kazi wakati umeme upo tu haujakamilika, na mimi nimeulipia shilingi 850,000 kama uliokamilika.

Kwa ambao hawajawahi kuweka sampu: tangi la samaki liko juu, sampu ni tangi la pili ndani ya kabati, lenye vichujio na pampu. Maji ya juu yakijaa hufurika kwenye kisanduku cha pembeni na kushuka kwa bomba moja, pampu inayarudisha juu kwa bomba jingine. Pampu ikizima, lile bomba la kurudisha linageuka mrija. Mdomo wake uko ndani ya maji, basi maji yanavutwa yenyewe kurudi chini, na hayasimami mpaka mdomo ule upate hewa.

Sasa chukueni rula kama nilivyochukua mimi. Tangi langu ni sentimita 120 kwa 50, kwa hiyo kila sentimita moja ya kimo ni lita 6. Fundi ameuzamisha mdomo sentimita 9. Hizo ni lita 54 zinazoshuka kila umeme unapozima. Sampu ni sentimita 80 kwa 40, yaani lita 3.2 kwa kila sentimita, na yeye aliijaza akaacha sentimita 8 tu juu. Nafasi ya lita 25 na kidogo, inaletewa lita 54! Zilizobaki, jerikeni moja na karibu nusu ya pili, zilikwenda chini ya mgongo wa mgonjwa. Hesabu hii haihitaji chuo. Inahitaji mtu anayejali.

"Lakini niliweka valvu ya kuzuia maji kurudi." Ndiyo, uliiweka. Nimeifungua, nimekuta ganda la konokono dogo kuliko punje ya mchele limekaa kwenye ulimi wake. Valvu ya namna hiyo ndani ya maji ya samaki lazima ishike ute na mchanga, haiwezi kuwa kinga ya pekee. Dawa ilikuwa kuupandisha mdomo ukaribie uso wa maji, na kutoboa tundu dogo kwenye bomba la kurudisha, chini kidogo tu ya uso wa maji, ili maji yakishuka kidogo tundu livute hewa na mvuto ukatike. Tundu hilo lisafishwe, maana mwani huliziba. Kutoboa ni dakika mbili.

Hasara haikuishia hapo. Umeme uliporudi nikachomeka pampu, nikampeleka mama kliniki. Maji yaliyomwagika hayakuwepo tena kwenye mfumo, na upungufu wote huonekana kwenye chumba cha pampu, ile sehemu ya sampu ilimokaa pampu, si kwingine. Pampu ikamaliza maji yake kabla tangi la juu halijajaa, ikaanza kuzunguka bila maji. Niliporudi ilikuwa imeungua. Samaki wangu ni nkejje, hawa hawa wadogo wa Ziwa Victoria kwetu ambao sangara aliyepandwa miaka ya 1950 aliwamaliza aina nyingi. Jike mmoja alikuwa anaatamia mayai mdomoni, kama wafanyavyo nkejje, nilikuwa nahesabu siku. Nilimkuta juu ya maji anahema, mdomo mtupu.

Na bomba la kushusha nalo! Ametoa tangi-konekta, kile kiungio cha kupitishia bomba kwenye tangi, ya inchi moja, halafu akapunguza hadi robo tatu kwa sababu ndilo bomba alilokuwa nalo kwenye gunia. Likawa linakoroma usiku kucha, hewa na maji vikigombania njia. Nilipolalamika akafunga valvu nusu ili litulie. Kweli lilitulia. Lakini kubana bomba la kushusha wakati ni moja tu, bila la dharura, ni hatari kuliko kelele. Jani moja likinasa pale, pampu itaendelea kusukuma mpaka chumba chake kiishe. Chumba kile kina lita 20. Juu ya tangi nimeachiwa sentimita 3, lita 18. Mbili zilizobaki zinakwenda wapi?

Anayetaka kulinyamazisha bomba kwa valvu aweke la pili kando yake, mdomo wake juu zaidi, kavu, lisilo na valvu, lingoje siku la kwanza litakapoziba. Wenzetu wanauita mtindo wa Herbie. Wengine wanaweka matatu. Kwa bomba moja, acha upana wake wote na uweke kona yenye tundu la kupumulia kichwani.

Ninachodai ni kwamba kabla fundi hajapokea salio, azime pampu mbele ya mwenye nyumba, wote wawili wasimame waangalie sampu mpaka maji yatulie. Kisha awashe, azibe bomba la kushusha kwa kiganja, waangalie tangi la juu. Robo saa inatosha. Wangu alizima taa ya tangi, akapiga picha, akapanda boda.

Naomba msaada: nani hapa Kampala anatoboa kioo cha milimita 10 bila kukipasua? Nataka tundu la pili kwenye kisanduku. Nina drili, sina ile biti ya duara ya almasi, na sitaki kujifunzia kwenye tangi lenye samaki. Ekstensheni nimeshaipandisha ukutani, waya wake nimeuacha uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, maji yakifuata waya yadondoke pale.

Fundi amenitumia ujumbe jioni hii. Anasema Jumamosi atakuja na silikoni. Silikoni ya nini? Hakuna panapovuja.